Bwana Afya na Mashimo Kumi na Moja

Binti yangu anafanya kazi benki, ana watoto watatu, na kila Jumapili hunipigia simu huku anapika, anafua na kumgombeza mtu, yote kwa pamoja. Mwezi uliopita aliniambia, "Baba, hebu kaa uandike yale mambo ya afya uliyokuwa ukiwafundisha watu. Lakini yawe mafupi, sisi hatuna muda." Basi nawaandikia ninyi nyote mnaolea watoto mbio mbio. Ila niwaonye mapema: karibu kila ninachokijua nilikijua baada ya kufanya upuuzi mbele za watu.

Nilikuwa bwana afya kwa miaka thelathini na minne. Kama hamjui, bwana afya ni yule mtu wa serikali anayekagua bucha, anayewachimbisha watu vyoo, anayewakumbusha kunawa mikono, na ambaye hakuna anayefurahi kumwona akiingia mlangoni.

Upuuzi mwingi niliufanya Garissa. Nilipelekwa huko nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa milima ya Taita, nina cheti kipya na kaptura mbili za kaki nilizozitia wanga na kuzipiga pasi hadi zikawa zinaweza kusimama bila mimi. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Wapo waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia, serikali ikakataa na kuwaita shifta, yaani majambazi, na bunduki zikashika usukani. Kufikia mwaka wa sitini na sita serikali ilikuwa inawakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba, na askari langoni. Watu waliozoea kuhama na ngamia wao kufuata mvua waliamriwa wakae pamoja kama wanafunzi wa bweni. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, na kulikuwa na nyumba ambazo baba hayumo na mtu hathubutu kuuliza yuko wapi.

Mimi nilipewa kijiji kimoja nje ya Galbet, kando ya mji wa Garissa. Amri yangu ilikuwa sentensi moja: watu wasiugue. Choo hakikuwepo hata kimoja, na si kwa sababu wale watu walikuwa wachafu. Anayehama kila baada ya majuma machache hahitaji choo. Nchi ni pana, na jua lenyewe linafanya kazi ya bwana afya bila mshahara. Lakini wafungie watu hao hao ndani ya ua mmoja mwezi mzima, halafu uone nzi watakavyotembeleana.

Nilipewa mkalimani aitwaye Farah, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyewahi kuendesha lori hadi Buna, kaskazini kabisa, na kurudi. Somo langu la kwanza lilikuwa kunawa mikono. Nilieleza kwa dakika kumi, vijidudu, kucha, mayai ya minyoo, kila kitu. Farah akatafsiri kwa pumzi moja. Wazee wakanong'onezana.

"Wanasema nini?" nikauliza.

"Wanasema wao nanawa mara tano kwa siku, kabla ya swala. Wanauliza wewe nanawa mara ngabi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Nikabadilisha somo.

Kwa wiki tatu niliwafundisha wale wazee, na kwa wiki tatu walinisikiliza wakiwa wametazama pembeni. Nilijua wananidharau kwa sababu ya umri wangu. Mwishowe nikambana Farah.

"Hapana, wanasema wewe mtu mzuri," akajibu. "Lakini goti yako iko wazi. Mzee anaona haya kuangalia goti ya mtu mzima."

"Wiki tatu, Farah! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Mimi nilifikiri labda kwenu Taita kitambaa imekwisha."

Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja aitwaye Dahabo, ambaye kila mtu alimwita Ayeeyo, yaani bibi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mswaki wake wa mti haukutoka mkononi. Alisugua meno na kuwanyooshea watu kwa mti ule ule. Zamani aliuza chai mjini, na Kiswahili chake alikiokota huko kwa wateja. Alikuja na macawis, ile shuka pana ambayo wanaume wa kule hujifunga kiunoni ikafika hadi visigino, akanifunga mwenyewe juu ya kaptura yangu mbele ya kadamnasi, akarudi nyuma hatua mbili kunikagua.

"Sasa wewe mtu," akasema. "Sema maneno yako."

Nikasema maneno yangu. Kwa mara ya kwanza watu wakanitazama usoni. Kwa hiyo, mabwana afya vijana mnaosoma haya, kabla ya kuchunguza wanachokula watu, chunguzeni kwanza mlichovaa ninyi.

Kwa bahati mbaya, maneno yenyewe yalikuwa haya: chemsheni maji ya kunywa, yatokote kwa dakika ishirini. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Maji ya mto Tana yalikuwa na rangi ya chai kabla hujatia majani, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuhimiza. Farah akatafsiri. Wanawake wakacheka hadi wengine wakajifunika nyuso kwa mitandio.

"Umewaambia nini?"

"Nimesema serikali inataka maji ikae kwa moto."

"Na wao?"

"Wanasema serikali ilete moto."

Nikaandika kwenye daftari langu kwamba wanawake wa kijiji hiki hawatilii maanani mafunzo. Niliandika pia kwamba vyombo vyao vya maziwa ni vichafu, vyeusi kwa ndani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba weusi ule ni moshi. Kila siku walivifukiza vile vyombo kwa kaa la moto la mti maalumu, na ule moshi huua yale yanayochachusha maziwa. Walikuwa wanafanya kazi yangu kabla babu yangu hajazaliwa, nami nikawaandika kuwa wachafu. Daftari lile nililichana mwenyewe.

Kisha watoto wakaanza kuharisha. Kwanza wawili, halafu nyumba nzima, halafu nyumba ya pili. Mmoja wao alikuwa Abdi, mwenye mwaka mmoja na nusu, mtoto wa mwanamke aitwaye Ebla na mjukuu wa Ayeeyo. Nilimkuta mtoto macho yameingia ndani, midomo imekauka, akilia bila machozi. Ebla alikuwa amemnyima kinywaji tangu jana yake ili tumbo likauke. Alifanya hivyo kwa upendo, na huko kwetu Taita nimeona mama zetu wakifanya hivyo hivyo. Nilikimbia langoni kuomba pasi ya kumpeleka hospitali mjini. Sajini aliyekuwa zamu akaniambia njia imefungwa mpaka kesho, kulikuwa na milio ya risasi upande ule. Nikarudi, na kwa hofu yangu nikafanya kile ambacho kijana aliyetoka chuoni hufanya akishikwa na hofu: nikatoa hotuba. Nikawaambia wanawake wote waliokuwa pale kwamba niliwaonya, kwamba maji hayachemshwi, kwamba ni uzembe.

Ayeeyo akaninyooshea mswaki. "Wewe funga mdomo. Mtoto afanye nini sasa hifi? Sema hiyo."

Nikafunga mdomo, nikafikiri, nikasema: anywe. Maji yaliyochemka yakapoa, uji mwepesi kama maji, ziwa la mama kila akitaka. Kijiko, unapumzika kidogo, kijiko tena. Akitapika, ngojeni kidogo muanze upya. Tukakaa watatu, Ebla amempakata, Ayeeyo na mimi tukipokezana kijiko, tangu asubuhi hadi jua linapinduka. Mkono wangu ulikufa ganzi. Farah alikaa mlangoni akisoma dua na kufukuza nzi kwa kofia yangu. Baada ya swala ya alasiri nilimchukua mtoto ili Ebla anyooshe miguu, na hapo hapo nikahisi joto likisambaa juu ya macawis yangu.

Ebla alishtuka, akaanza kuniomba radhi kwa Kisomali. Mimi nikapiga kelele, "Amekojoa! Farah, waambie amekojoa!"

"Wameona, Bwana Afya. Wote wameona."

"Waambie ni habari njema! Mwili umepata maji!"

Farah akawaambia. Kwa mara ya kwanza nikamwona Ayeeyo akilia, kidogo tu, akijifuta kwa ncha ya shuka kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Ninyi wazazi wa leo, zahanati wana paketi za chumvi na sukari zilizopimwa. Zichukueni, fuateni maandishi, msijipimie kwa kubahatisha, na mtoto aliyelegea apelekwe haraka. Lakini kabla hamjafika huko, anywe. Na angalieni nepi: ikikaa kavu saa nyingi, huyo mtoto ana shida.

Jioni ile Ayeeyo alinipa adhabu ya ile hotuba. "Kesho kuni. Wewe enda na wanawake."

Kuni ziliruhusiwa asubuhi mbili tu kwa wiki, kwa kusindikizwa na askari, na ziko mbali, kwa sababu za karibu ziliisha mwezi wa kwanza. Mwanamume kubeba kuni ilikuwa kichekesho chenyewe. Watoto walinisindikiza hadi langoni kama bwana harusi. Tulitembea mwendo ambao kwetu ungekuwa safari ya kwenda kuposa. Miiba ikanichana, jua likanipiga utosini, na nilipofungiwa mzigo mgongoni nikaenda hatua tisa, macawis ikaninasa miguuni, nikaanguka kifudifudi, kuni zikanipanda kichwani. Ebla alikuwa na mzigo mara mbili ya wangu na Abdi juu yake, maana hakuthubutu kumwacha. Hakucheka. Aligeuka tu upande wa pili, mabega yakitikisika. Nilirudi kijijini na kuni za kuchemshia yai moja.

Siku hiyo nilielewa kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Mzigo wa mwanamke mmoja ulitosha kupika chakula na chai mpaka siku nyingine ya kuni. Dakika zangu ishirini za kutokota zilikuwa mzigo mwingine mzima, ambao hakuna mgongo wa kuubeba. Nilikuwa nimewaita wazembe watu waliokuwa wakifanya kazi ambayo mimi ilinishinda kwa hatua tisa.

Nilikaa kwa Ayeeyo nikijichomoa miiba. Akanipa chai. Nikanywa. Katikati ya kikombe cha pili nikauliza, "Ayeeyo, chai hii mnapika lini?"

"Kila alfajiri. Mtu bila shai atasimama na nini?"

"Na maji yake yanachemka?"

Alinitazama kana kwamba zile kuni zilinidhuru ubongo. "Shai bila kuchemka ni nini wewe? Ni majani inaogelea."

Nikasimama, nusura nimwage kikombe. Moto ulikuwepo. Sufuria ilikuwepo. Kila alfajiri kila nyumba ilikuwa inachemsha maji bila kuambiwa na serikali. Kilichobaki ni kujaza sufuria kubwa zaidi, na yakitokota kwa nguvu, kabla ya kutia majani, kumimina nusu kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, mtoto asiweze kutumbukiza mkono, na kukifunika. Hayo ndiyo maji ya watoto ya kutwa nzima. Dakika ishirini nikazifuta kwa mamlaka yangu mwenyewe. Yakitokota vizuri yametosha. Ayeeyo alizunguka nyumba kwa nyumba kulifundisha hilo, na hakutumia dakika kumi wala mkalimani.

Kwa hiyo binti yangu akiniambia hana muda wa kufanya hiki wala kile, simpi kazi mpya. Namuuliza: asubuhi unafanya nini tayari? Basi hicho kipya kisukumie hapo hapo. Unapiga mswaki? Mtoto asimame kando yako na wake. Unangoja chai ichemke? Kata matunda wakati huo huo. Kinachosimama peke yake kwenye ratiba ya mtu mwenye shughuli hufa ndani ya wiki.

Vyoo sasa. Baada ya Abdi kupona, wanaume walikubali kuchimba. Wengine walisema wamekubali kwa sababu ya mafunzo yangu. Farah aliniambia ni kwa sababu Ayeeyo alitangaza kwamba mwanamume asiyechimba hapati chai. Tukapima mashimo kumi kwa mstari, mbali na nyumba, upande unakoelekea upepo ukitoka kijijini. Mimi mwenyewe niliingia shimoni na sururu, macawis imekunjwa, kifua wazi, nimejaa vumbi jekundu hadi kope. Kaptura niliiacha nyumbani kwa sababu ya joto, na ndani ya mfuko wake niliacha kipande changu, yaani kitambulisho, na barua ya kazi.

Asubuhi hiyo askari walibadilishwa. Waliokuja hawakunijua. Hebu jiwekeni mahali pao: unafika kijiji kama kile wakati wa vita, unakuta wanaume ishirini wanachimba mashimo ya kina cha kifua, kwa mstari ulionyooka, kuelekea lango lako.

"Tokeni! Mikono juu!"

Nikainua kichwa nikakuta mtutu wa bunduki. Wenzangu wakainua mikono. Mimi nikainua mmoja.

"Yote miwili!" akafoka sajini mpya.

"Afande, siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Fundo lilikuwa limelegea. Mkono wangu wa kushoto ndio uliokuwa umeshikilia macawis, na ndani ya macawis hakukuwa na kitu kingine isipokuwa mtumishi wa serikali. "Afande," nikasema, "nikiinua wa pili, utaona kitu ambacho hakimo kwenye amri yako."

Hakucheka. Askari mmoja alikoki bunduki, na nawaambieni, mlio ule haufanani na mwingine wowote. "Haya ni mahandaki," sajini akasema. "Mnajiandaa na nani? Na wewe unayejua Kiswahili cha shule, ndiwe kiongozi wao?"

Nikasema mimi ni bwana afya. Akadai karatasi. Nikasema ziko kwenye kaptura. Akauliza kaptura iko wapi. Kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyozidi kuonekana shifta. Farah alijaribu kusema, akaambiwa anyamaze alale chini, akalala. Nilimfikiria mama yangu kule Taita akipokea habari kwamba nimeuawa ndani ya choo.

Ndipo Ayeeyo akaja. Alitembea taratibu, birika mkononi, akapita kati ya bunduki na mimi kama anayepita kati ya mbuzi, akainama kutazama shimo, akamgeukia sajini.

"Wewe natafuta bunduki humu?"

"Mama, rudi nyumbani."

"Hii daktari ya choo. Sisi nachimba choo. Kama nataka kuhakikisha, ngoja kesho asubuhi, utabata kitu ndani, wallahi. Lakini si bunduki."

Askari mmoja mdogo nyuma akapasuka kicheko, akajifanya anakohoa. Sajini alitazama shimo, akanitazama mimi na mkono wangu mmoja hewani, na uso wake ukaanza kumsaliti. "Choo?" akauliza.

"Choo, Afande. Futi kumi na mbili. Ninaweza kukuonyesha ramani."

"Ramani pia iko kwenye kaptura?"

"Ndiyo, Afande."

Akamtuma mtu. Kaptura ikaletwa imeshikwa kwa ncha ya fimbo, karatasi zikasomwa, tukaambiwa tushushe mikono. Mimi nikashusha mmoja. Farah akainuka, akajipangusa vumbi, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kuanzia leo anataka kutafsiri mambo ya ng'ombe tu.

Siku mbili baadaye sajini yule yule alinijia akiwa peke yake, amekonda usoni. Alizungumza kuhusu mvua, kuhusu Nairobi, kisha akauliza kama lile shimo la mwisho lina mtu. Askari wake watano walikuwa wanaharisha, naye mwenyewe akiwa wa sita. Nilitaka kumchimbia hapo hapo. Ayeeyo, aliyekuwa akisikiliza huku anasugua meno, akanizuia kwa mswaki.

"Choo tutachimba," akamwambia sajini. "Wewe ongeza siku ya kuni. Mbili iwe nne."

"Mama, hiyo si amri yangu."

"Na choo si amri yangu."

Sajini alijaribu kusimama wima ili akatae vizuri, lakini tumbo likamkunja. Zikawa siku nne. Hilo lilikuwa shimo la kumi na moja, na tulilichimba haraka kuliko yote, kwa huruma. Nilimfundisha mpishi wao habari ya sufuria ya chai. Watoto wa kijiji hawakuacha kuugua kabisa, nisiwadanganye, lakini tangu wakati huo hadi mwisho sikumzika mtoto kwa kuharisha pale, na nilikuwa nimejiandaa kuzika wengi.

Vita vilipoisha, ruhusa ya kuhama ilifika asubuhi bila sherehe. Kufikia saa tatu nyumba zote zilikuwa zimevunjwa na kupakiwa juu ya ngamia wachache waliobaki. Mimi nilibaki na mashimo kumi na moja wazi, na mnyama au mtoto angeweza kutumbukia. Nikachukua beleshi, nikaanza kufukia peke yangu. Msafara ulikuwa umeshaanza kutembea. Ayeeyo akageuka, akaniona, akasema neno moja kwa Kisomali, ngamia wakasimamishwa, na wale wanaume waliochimba wakarudi wakashika masepetu.

"Bole, Bwana Afya," Farah akasema akisukuma udongo. "Kazi yako yote inaingia chini."

Tulimaliza kabla ya adhuhuri. Sijawahi kufurahia kazi yangu kupotea kama siku ile. Walipanga msafara upya, ngamia wa mbele akavutwa kamba, na Abdi, ambaye sasa alikuwa anakimbia kwa miguu yake mwenyewe, akachomoka mkononi mwa Ebla, akapita pale ua wa miiba ulipokuwa jana, akachuchumaa nyuma ya kichaka cha kwanza alichokipenda. Msafara mzima ukamngoja. Hakuna aliyemkemea, hata bwana afya.